Mkwe Mlangoni, Sindano Chumbani

Kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi mpaka akastaafu, walimwita Bi Mkato. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, zile kurasa za majaribio, kabla kitabu hakijapelekwa mtamboni, na alama moja ya mkato ikikosekana ukurasa haukupita, hata kama mashine zimesimama na watu wanatazama saa. Jina likamganda. Hakulikataa. Alisema kuna watu wanaoitwa vibaya zaidi ilhali hawajafanya lolote.

Ugonjwa ulimkuta bado yuko kazini. Ulianzia jichoni: asubuhi moja herufi za upande wa kushoto zikawa kama zimemwagiwa maziwa. Baadaye mguu wa kulia ukaanza kuchelewa, mwenyewe keshaondoka, mguu bado unafikiria. Alizungushwa kwa madaktari kadhaa kabla tatizo halijapata jina, MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Daktari alipoyaeleza hayo, mume wa binti yake, ambaye ni fundi wa friji, aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ni kama waya uliochubuka ganda?"

Daktari akasema ndiyo, ni kama hivyo. Fundi hakuuliza tena. Waya uliochubuka alikuwa anaujua. Unaweza kufanya kazi vizuri wiki nzima, kisha siku moja ukazima nyumba.

Huyu mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Wateja wake walimwita Fundi Baridi, na walibishana kama jina lilitokana na kazi yake au na mazungumzo yake. Bi Mkato aliposhindwa na ngazi za nyumba aliyokuwa amepanga, akahamia kwa binti yake, na hapo yeye na mkwewe wakaishi kwa heshima kubwa na maneno ya kupimwa kwa kijiko. Shikamoo mama. Marahaba baba. Umeamkaje. Salama. Baada ya hapo kila mmoja alishika lake, na binti akaongea kwa niaba ya wote watatu.

Dawa yenyewe ilikuwa sindano. Haikuponya, ilizuia ugonjwa usisonge mbele. Mara tatu kwa wiki Bi Mkato alijidunga mwenyewe chini ya ngozi, leo paja, siku nyingine tumbo, siku nyingine nyonga, ili sehemu moja isichoke. Fundi alimtafutia friji ndogo ya dawa peke yake, akaweka kipimajoto ndani, na kila jioni aliifungua akachungulia, akaifunga bila neno. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kumjulia hali mama mkwe.

Kwa miaka mingi sindano hizo hazikuwa na habari. Zilimwachia vinundu vyekundu na vishimo vidogo mapajani, basi. Ndiyo maana siku ile ilipotokea hakuwa amejiandaa kwa lolote. Alikuwa amekaa kitandani, ndiyo kwanza amechomoa sindano, mara uso ukawaka kama mtu aliyefunua sufuria la mvuke. Kifua kikabana. Moyo ukamwenda mbio mpaka akausikia masikioni. Alitaka kumwita binti yake aliyekuwa jikoni, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa pumzi tu, hivyo akaisukuma glasi ya maji ikaanguka sakafuni.

Binti alikuja mbio, akampakia kwenye teksi. Walipofika hospitali joto lilikuwa limeshashuka, moyo umetulia, na Bi Mkato alikuwa anauliza kama wangeweza kusimama mahali wanunue gazeti.

Daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja wa makamo aliyeongea polepole, hakucheka.

"Kuna mambo mawili, na mwanzoni yanafanana," alisema. "La kwanza linatisha lakini linapita. Uso unawaka, kifua kinabana, moyo unakimbia, unaona kama roho inatoka. Ukikaa ukatulia, baada ya muda mfupi limekwisha, na halikuachii kitu. La pili ni mzio wenyewe. Hapo ngozi inawasha, vipele vinatapakaa, midomo na ulimi vinavimba, sauti inakwaruza, pumzi inapiga mluzi, kichwa kinakuwa chepesi. Hilo halisubiriwi."

"Lakini nimeitumia dawa hii miaka yote hii," Bi Mkato alisema. "Mzio si huja mwanzoni?"

"Mara nyingi huja mwanzoni. Unaweza pia kuja baada ya miaka."

"Na mimi limenipata lipi?"

"Naona ni la kwanza. Ila una vipele viwili vitatu hapo shingoni, na sipendi kuvipuuza."

Sindano zilizofuata alidungwa palepale hospitali, muuguzi akiwa pembeni. Hakukutokea chochote. Daktari akamruhusu aendelee nyumbani kwa masharti. Alimpa sindano ya adrenalini, ile iliyotengenezwa kama kalamu nene, akamfundisha yeye na binti yake namna ya kuitumia. Na akamkataza kujidunga akiwa peke yake. Kila akimaliza, lazima mtu awepo karibu kwa saa nzima.

Mtu huyo alikuwa binti, mpaka kazi yake ilipomwita. Alikuwa mkaguzi wa lifti, na ofisi ilimpangia safari ya wiki kadhaa kukagua lifti za miji ya mbali. Alitaka kukataa. Mama yake akamwambia aende.

"Nani atakaa na wewe?" binti aliuliza.

Fundi alikuwa kwenye sinki ananawa mikono. Alijibu akiwa bado amewapa kisogo. "Mimi nipo."

Bi Mkato alimsubiri atoke kwanza. "Yaani mimi nijifunue paja mbele ya mkwe wangu?"

"Hakuna aliyesema mbele yake, mama. Atakaa kwenye korido. Mlango utaurudishia tu, usiufunge."

"Na huko koridoni atajuaje kama napumua?"

"Utaongea naye."

"Niongee nini na yule mtu? Tangu amekuoa, maneno aliyoniambia hayajazi ukurasa."

Binti alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamfundisha mumewe kutumia ile kalamu, akamrudisha mwanzo, akamrudisha tena, akasafiri.

Asubuhi ya kwanza Fundi aliweka kigoda nje ya mlango, akakaa na kidhibiti joto cha friji ya mteja mapajani, akaanza kukifungua. Kile kifaa cha adrenalini alikuwa amekitia mfuko wa shati. Chumbani Bi Mkato alijidunga, akatupa sindano kwenye kopo lake, akashusha gauni. Halafu ukimya. Wote wawili waliusikia.

"Mama?"

"Nipo."

Ukimya tena. Hapo Bi Mkato akafanya jambo pekee alilojua kufanya kwa sauti. Alichukua gazeti, akaanza kulisoma kama walivyosoma kiwandani, mmoja akisoma na alama zote huku mwenzake akifuata kwenye karatasi.

"Bei ya saruji, mkato, iliyopanda tangu mwaka jana, mkato, imeanza kushuka, nukta. Aya mpya. Wauzaji wa jumla wanasema, nuktapacha, fungua semi..."

Fundi alivumilia safu nzima. Mwishowe akasema, kwa adabu, "Mama, hizo alama ni lazima?"

"Lazima. Nikiziacha nusu ya habari inaanguka."

"Sawa, mama."

Ikawa ndiyo kawaida yao. Alisoma habari za saruji, za mechi, za mtu aliyeibiwa mbuzi akawakuta sokoni. Taratibu Fundi akaanza kuchomekea neno. Mwandishi akikosea, Bi Mkato alisimama na kumsema, na Fundi akauliza kosa liko wapi, naye akamweleza. Siku moja alisikia kicheko koridoni na akashusha gazeti kuhakikisha ni cha nani.

Kisha lile jambo likarudi. Alikuwa katikati ya sentensi alipoishia njiani, akasema, "Limekuja."

Bisibisi ikaanguka sakafuni. "Niingie?"

"Subiri kwanza."

Fundi alisimama, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine mfukoni. Aliuliza kama alivyofundishwa. Unawashwa? Hapana. Midomo imevimba? Hapana, uso ndio unaungua, na kifua. Kichwa chepesi? Hapana.

"Soma," alisema.

"Nisome nini na moyo unanikimbia hivi?"

"Chochote. Nataka kusikia sauti."

Akasoma, neno moja moja, kama mtoto anayeanza shule. Sauti ilitetemeka lakini ilikuwa safi, haikukwaruza. Alisoma tangazo la mnada wa samani mpaka mwisho, akalirudia. Kidogo kidogo kifua kikalegea na joto likamtoka usoni.

"Limepita," alisema.

Fundi akakaa chini, siyo kwenye kigoda, sakafuni. "Mama, mimi nimefanya kazi na mitungi ya gesi maisha yangu yote," alisema. "Sijawahi kutoka jasho namna hii."

Bi Mkato alicheka, na kicheko kikamlegeza ulimi. Alimwambia kitu ambacho hata binti yake hakuwa amemwambia. Alisema kila siku ya sindano anaamka na hofu. Hata siku ambazo hakuna kinachotokea zinamchosha, kwa sababu anakaa akijisikiliza, kila mwasho wa kawaida anaupa jina, kila kikohozi anakitilia shaka. "Nikiacha, mguu utaondoka na jicho litafuata. Nikiendelea, ni kama mtu anayesubiri kofi na hajui litatokea upande gani."

Fundi aliokota bisibisi. "Ndiyo maana Jumatatu hukujidunga?"

Gazeti likakwaruza. "Nani kakwambia?"

"Jioni nilichungulia friji. Ya Jumatatu bado ipo. Siku hiyo ulinisomea gazeti, lakini kujidunga nadhani ulijifanya tu."

"Umemwambia mwanangu?"

"Hapana."

"Usimwambie."

"Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kuogopa si kosa, mama. Ila usiache kimyakimya. Kama imekushinda, tumpigie daktari, tuseme imetushinda."

Lile neno "tuseme" ndilo lililomgusa Bi Mkato. Alipiga simu mbili mchana ule. Binti alilia kidogo, kisha akakasirika, kisha akauliza amekula nini. Daktari aliuliza maswali yaleyale ya Fundi, akasema hilo lilikuwa la kupita, aendelee kwa uangalifu, ila aje wiki ijayo wazungumzie dawa nyingine. "Hofu nayo naihesabu," alisema. "Dawa ambayo mtu anaificha kwenye friji haimsaidii."

Wiki ijayo haikufika kama walivyopanga.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua likiwa limeingia koridoni mpaka kwenye miguu ya kigoda. Bi Mkato alikuwa amejidunga tumboni na alikuwa anasoma habari ya timu iliyomfukuza kocha. Alikohoa, akaendelea. Akajikuna kiganja, akaendelea. Nyayo nazo zikaanza kumwasha, akazisugua kwenye zulia. Alijiambia ni yaleyale ya kujisikiliza mno, akajikaza kisabuni, akageuza ukurasa.

Koridoni Fundi aliacha kufunga skrubu. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa nene, kama ya mtu aliyelala na mafua.

"Mama, umeruka mkato."

Hakujibiwa. Alisikia pumzi, na ndani ya pumzi mluzi mwembamba.

Hakubisha hodi. Aliingia akamkuta ameinamia magoti, midomo imevimba, shingo na mikono imejaa vipele vikubwa vyekundu, macho yamemtoka. Aliondoa kifuniko cha kalamu, akashika paja upande wa nje, juu ya gauni, akakandamiza mpaka akasikia kifaa kinagonga, akakishikilia hapohapo kama alivyofundishwa. Mikono yake, aliyoitilia shaka wiki zote zile, ilitulia tuli. Akamlaza, akamwekea mito chini ya miguu, akapiga simu ya dharura, akataja mtaa na nyumba na ugonjwa na dawa, akarudia mtaa.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kusubiri gari. Bi Mkato alikuwa anamtazama, hawezi kusema. Na mtu yule wa maneno machache akagundua kwamba zamu ya kuongea ni yake.

Akaongea. Alimhadithia kuhusu mteja mmoja, bwana mkubwa wa mahali fulani, aliyempigia simu akifoka kwamba friji aliyotengenezewa imekufa. Fundi akaenda, akavuka mji mzima, akakuta friji kweli imekufa, vyakula vinavuja, bwana anafoka, mke wa bwana anafoka. Akaivuta friji mbele na kukuta waya umechomolewa, na mahali pake imechomekwa chaja ya simu. Simu yenyewe ndiyo ileile bwana aliyompigia akifoka. Alisimulia kila kitu, rangi ya friji, harufu ya jikoni, na katikati ya maneno alikuwa anazihesabu pumzi za mama mkwe. Mluzi ukapungua. Rangi ikaanza kurudi kwenye kucha. Ndipo ikasikika breki ya gari nje.

Hospitali walimlaza mpaka kesho yake, maana mzio wa namna hiyo unaweza kuondoka ukarudi. Jioni uvimbe wa midomo ulikuwa umepungua kiasi cha kuongea. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda, shati limekunjamana, amerudi kuwa Fundi Baridi.

"Umeingia chumbani kwangu bila hodi," Bi Mkato alisema.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri."

Akafumba macho. Fundi alidhani amelala.

"Na yule bwana wa friji," alisema, macho yakiwa bado yamefumbwa, "alikulipa nauli au hakukulipa?"

"Alinilipa. Akaniomba nisimwambie mtu."

Binti alifika usiku huo na mkoba wa safari begani, akamkumbatia mama, akamkumbatia mume, akashindwa kuamua amshike nani. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuhitaji kuwasemea.

Daktari aliifuta ile dawa moja kwa moja. Aliandika kwa wino mwekundu kwenye faili kwamba mgonjwa huyu asipewe tena kamwe. Bi Mkato alimwambia ukweli: sehemu yake moja ilifurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Sehemu nyingine ilikuwa inauangalia ule mguu. Daktari akasema zote mbili zina haki. Vipimo vilifanywa, wakasubiri, na miezi ile ya katikati haikuwa rahisi. Mguu ulichelewa zaidi, na alianza kutumia fimbo, kitu alichokuwa amekikataa kwa miaka. Kisha wakamwanzishia vidonge.

Daktari alimwonya kwamba vidonge hivyo navyo vinaweza kumletea joto usoni kwa muda, na hilo peke yake si mzio. Alimpa kalamu nyingine mbili za adrenalini, moja ya nyumbani na moja ya mkoba. Kidonge cha kwanza alikimeza hospitali, akiwa ameshiba, chini ya macho ya muuguzi. Uso ulimpata moto, akashika ukingo wa kiti, akajiuliza mwenyewe maswali yote. Unawashwa? Hapana. Sauti? Akasema jina lake kwa nguvu, watu wakageuka. Sauti ilikuwa safi. Joto likaondoka.

Alipoanza kumeza vidonge nyumbani, binti na mkwe walikaa naye mezani kila asubuhi, wakimtazama akitafuna mkate. Alivumilia siku chache.

"Mnanitazama kama jengo linalotaka kuanguka," alisema asubuhi moja. "Daktari kasema sasa naweza kubaki peke yangu. Wewe una lifti zako, na wewe nenda kwenye friji zako. Nikihisi lolote simu hii hapa na kalamu hii hapa."

Binti alitaka kubisha. Fundi ndiye aliyesimama kwanza, akachukua sanduku lake la zana. "Sawa, mama," alisema, wakaondoka.

Siku hiyo alikuwa na kazi kwenye chumba cha baridi cha bucha kubwa, kompresa, ile pampu ya gesi, imechoka. Alifanya kazi vizuri mpaka karibu na mchana. Halafu mkono ukaenda mfukoni wenyewe, akapiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Iliita, ikaita. Alishaanza kutafuta funguo za gari ilipopokelewa.

"Nini?" sauti ya Bi Mkato ilisema, safi kabisa na yenye hasira kidogo.

"Nilitaka kujua unaendeleaje."

"Nilikuwa bafuni. Siku hizi mtu akiwa bafuni naye anatakiwa apokee simu?"

"Hapana, mama."

"Uso uliwaka asubuhi, ukazima. Nimeoga, sasa naenda mpaka kwenye kona na fimbo yangu kununua gazeti. Nikirudi nitakupigia mimi. Usinipigie wewe."

"Sawa, mama."

Akakata. Fundi aliiweka simu juu ya kompresa, mahali atakapoisikia, akazungusha shingo kuinyoosha, akarudi ndani ya baridi kumalizia kazi.